Juni Isiyo na Usiku

Macho hayana pazia, wanasema.
Waliosema hivyo hawakulala Utsjoki mwezi wa sita,
saa saba usiku, jua limekaa juu ya mto Teno
kama mgeni asiyejua kuaga.

Niliamka jicho la kushoto jekundu.
Nikalaumu moshi wa sauna, nikalaumu mbu,
nikamlaumu Oula na kuni zake mbichi.
Nikavaa koti la posta, nikagawa barua
kwa jicho moja, la pili nimelifinya
kama mtu aliyetajiwa bei ya samaki asiiamini.

Duka la dawa wakanipa matone.
Hapakuwa na tongotongo, hapakuwa na muwasho.
Palikuwa na maumivu ya ndani, nyuma ya nyuma,
kama jino linaloota pasipo ufizi,
na kila mng'ao, hata wa kijiko, ulikuwa sindano.

Siku ya nne herufi zikaanza kuelea.
Heikka akapata barua ya Pirita,
Pirita akapata bili ya Heikka.
Hapo Oula akawasha gari:
kilomita mia nne na hamsini hadi Rovaniemi,
mimi kiti cha nyuma, blanketi kichwani
kama tundu la kasuku.

Daktari Ylävaara si mtu wa maneno.
"Kidevu hapa. Paji hapa. Usipepese."
Akapitisha mwanga mwembamba kama ukingo wa wembe,
akanyamaza kwa muda niliohesabu.
"Jua likipenya ufa wa ghala, huoni vumbi likicheza?
Mbele ya mboni yako pana maji. Yalipaswa kuwa matupu.
Nayaona yana vumbi.
Ila hilo si vumbi, ni askari:
chembe zako nyeupe za damu, zimeruka ukuta
kumsaka adui ambaye hayumo."

Kikulacho ki nguoni mwako;
na nguo yangu ilikuwa ngozi.

Kisha akauliza, "Asubuhi mgongo unakuwaje?"
Nikacheka. Nimeleta jicho, anaulizia mgongo!
Lakini miaka kumi na moja nainuka kitandani
kama mlango wenye kutu,
nikidhani ni mkoba wa barua.
Baba naye aliinama mapema. Tulisema ni shoka.
"Huenda ni ugomvi mmoja," akasema, "nyumba mbili.
Tutapima damu."

Chupa mbili.
"Hii ya kutuliza askari: kila saa, mchana na..."
akatazama dirisha, "na mchana.
Hii ya kupanua mboni, ili ile pete ya rangi
isigande kwenye lenzi
kama ulimi wa mtoto kwenye chuma cha baridi.
Ukipata nafuu usiache ghafla.
Moto wa mboji huzimika juu, chini unatembea.
Punguza kwa hesabu yangu, si yako.
Na urudi nipime presha ya jicho,
dawa hii nayo hukopesha, hudai."

Basi nikawa na mboni pana kama sahani
katika nchi isiyo na usiku.
Oula akapigilia mablanketi ya jeshi madirishani.
Kila saa saati ya jikoni ililia, akaja ananuka lami,
na mkono ule unaorusha kamba ukanasa pembe mbioni
ulitetemeka juu ya jicho langu.
Nusu ya dawa ilinywewa na shavu.
Nimetiririka machozi wiki ile kuliko kwenye mazishi ya mama,
na huzuni haikuwamo hata tone.

Agosti: tone moja kwa siku, kisha siku moja ndiyo, moja hapana.
Usiku ukarudi, mwembamba kwanza, kama maziwa yaliyotiwa maji.
Nikatoka uani. Nikafumba la kulia.
Nyota ilikuwapo, moja,
kingo zake zimesambaa kidogo kama wino wa muhuri.

"Unaona nini?" Oula akauliza mlangoni.
Giza, nikamwambia.
Giza safi, halina kitu ndani yake.

Chupa ipo kwenye friji, nyuma ya siagi.
Daktari hakuficha: linaweza kurudi.
Siku hizi nausikiliza mgongo kabla ya redio.
Pirita aliilipa ile bili ya Heikka.
Hatujamwambia.